Mtu na Kiti Chake: Wito kwa Watu wa Mchafukoge

Ndugu zangu wa Mchafukoge, nanyi mnaokuja kila asubuhi kufungua maduka Mtaa wa Libya na Mtaa wa Jamhuri, naomba tuzungumze habari ya teksi. Bei yake tuiache kwanza. Leo nataka tuutazame mlango wake.

Mtu wa kiti mwendo akishuka kwenye treni ya umeme akitokea Dodoma, mambo humwendea vizuri kwa muda. Lifti ipo, sakafu imenyooka, milango ni mipana. Kisha anatoka nje ya stesheni. Dereva wa teksi anamjia mbio, anafungua mlango wa IST yake, anamtazama mteja, anaita mwenzake. Mmoja anashika kwapani, mwingine magotini. Kiti kinakunjwa na kusukumwa kwenye buti, buti linakataa kufunga, inatafutwa kamba. Sina neno na madereva hao. Wanafanya kwa moyo mweupe, na wengi wao hawaongezi hata senti kwa kazi hiyo. Lakini mtu mzima, pengine mama wa watu na buibui lake, amebebwa na wanaume asiowajua mbele ya kadamnasi, kwa sababu tu gari halina pa kumwingizia akiwa ameketi. Na kama kiti chake ni cha umeme, kile kizito kisichokunjika, safari yake imeishia pale pale.

Mabasi yaendayo haraka nayo yana hadithi yake. Yalipoanza Mei 2016 tulionyeshwa vituo vyenye njia mteremko, na jukwaa lililolingana na sakafu ya basi. Ni kazi nzuri, tusiibeze. Ila basi linamfikisha mtu kituo cha Kisutu au cha Fire, halimfikishi nyumbani. Kutoka kituoni hadi mlango wa ghorofa la zamani kuna mtaro usio na mfuniko, gari lililoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, meza ya mmachinga, na ngazi mbili za baraza. Mtu mwenye miguu miwili huruka, hupinda, hupita. Kwa mtu wa magurudumu, mita mia tatu za Mchafukoge zinaweza kuwa ngumu kuliko kilomita zote alizotoka nazo Kimara.

Ombi langu ni hili: tuiombe LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, ambayo tangu sheria ya mwaka 2019 ndiyo inayotoa leseni za teksi, iwe na leseni ya teksi ya kiti mwendo, na gari la kwanza la leseni hiyo kwa upande wetu liwe na kijiwe chake hapa Mchafukoge. Ninasema gari ambalo abiria anaingia kwa njia mteremko akiwa juu ya kiti chake, kiti kinafungwa sakafuni kwa mikanda minne, naye anafungwa mkanda wake mwenyewe, kisha safari inaanza.

Najua la kwanza nitakaloambiwa: mbona bajaji za walemavu zipo? Zipo, na haki yao ilipatikana kwa jasho. Bajaji zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji, madereva wenye ulemavu walipaswa kupigania nafasi yao. Juni 2017 waliandamana hapa mjini, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Asitokee mtu wa kuwaondoa kwa kisingizio cha teksi mpya. Lakini tutazame bajaji yenyewe. Imerekebishwa ili dereva asiyetumia miguu aweze kuiendesha kwa mikono. Hiyo ni ajira yake. Abiria wa kiti mwendo anayeipanda bado lazima ahamishwe, aketi kwenye benchi jembamba lisilo na mlango, na kiti chake kifungwe nyuma kwa mpira. Mwenye mgongo usiojishikilia hawezi kabisa. Kwa hiyo haya ni mahitaji mawili, na moja tu ndilo tumeanza kulijibu.

La pili ni lile la wateja. Utasikia kijiweni: mwaka mzima nimebeba watu wawili wa viti mwendo, leseni ya nini? Dereva huyo hadanganyi. Amehesabu waliofika kijiweni. Hakuwahesabu walio ghorofa ya tatu Mtaa wa Zanaki ambao lifti yao ilikufa zamani, wala mzee aliyepata kiharusi ambaye familia humshusha siku ya kliniki tu, na siku nyingine zote humwambia atulie. Sensa ya 2022 ilikuta kwamba zaidi ya mtu 1 kati ya 10, kuanzia umri wa miaka 7, ana ulemavu wa aina fulani. Si wote wanaotumia viti mwendo, na sitaki kuzidisha chumvi. Lakini ongeza waliovunjika nyonga, waliotoka kufanyiwa upasuaji kwenye taasisi ya mifupa, MOI, na bibi ambaye goti halikunjiki tena kuingia kwenye gari la chini. Kila nyumba ya mtaa huu ina mmoja, au itakuwa naye.

Na gari lenyewe si ndoto. Toyota wana magari wanayoyaita Welcab, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama hawa: zipo Noah na Hiace, zipo hata Ractis zenye njia mteremko ya kufunguka nyuma, na baadhi huinama kwa nyuma ili mteremko usiwe mkali. Japani huziuza zikishatumika, kama zinavyouzwa IST zote tunazoziona hapa, na usukani wake uko upande wetu. Wenzetu wamekwenda mbali zaidi. Teksi nyeusi za London, tangu mwaka 2000, hazipati leseni bila kuweza kupokea kiti mwendo. Sisi hatujafika kudai zote. Tuanze na moja, kisha tuombe ya pili.

Hapa niseme jambo ambalo wenye huruma hawapendi kulisikia. Mkono mtupu haulambwi. Gari hili likikaa kijiweni kusubiri abiria wa kiti mwendo peke yao, dereva atalala njaa na baada ya muda atang'oa mikanda auze. Liruhusiwe kubeba kila mtu. Tena njia mteremko inayopandisha kiti inapandisha pia robota la vitenge kutoka Kariakoo bila mtu kuumia mgongo, na wafanyabiashara wataligombania. Ndiyo maana leseni iwe na masharti, maana robota halichelewi kupanda wala haliombi kufungwa mikanda, na dereva akiachiwa achague atachagua robota. Abiria wa kiti mwendo akipiga simu, ndiye wa kwanza. Nauli yake iwe ile ile, na dakika za kumfunga zisihesabiwe kuwa za safari. Uingereza, tangu Aprili 2017, dereva wa teksi iliyoorodheshwa kuwa ya viti mwendo akimtoza abiria huyo zaidi ametenda kosa mbele ya sheria. Nasi tuandike hivyo kwenye leseni yetu, na mikanda ikaguliwe kila leseni inapohuishwa, kama breki.

Kuna watakaosema LATRA haiwezi kuingilia biashara ya watu namna hiyo. Inaweza. Mwaka 2022 iliweka kikomo cha kamisheni ambayo kampuni za teksi mtandao zinamkata dereva, asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka ule, na ikarejea mwaka uliofuata baada ya kikomo kupandishwa. Unaweza kuona LATRA ilikosea au ilipatia, lakini mamlaka yenye ubavu wa kuiambia kampuni ya kimataifa ikate kiasi gani inao ubavu wa kuiambia pia: kwenye simu zenu tunataka kitufe cha gari la kiti mwendo, na magari yawepo nyuma ya kitufe hicho.

Fedha je? Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi mwaka uliofuata. Halmashauri ya Jiji letu la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021, ina Kariakoo ndani yake, kwa hiyo si halmashauri ya kulia njaa. Kikundi cha watu wenye ulemavu kikiomba mkopo wa gari la namna hii, wao ndio wamiliki, na teksi inakuwa ajira na usafiri kwa wakati mmoja. Kuhusu kodi, Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha kwa gari lililotengenezwa mahsusi kwa matumizi ya mtu mwenye ulemavu. Tuwaombe wabunge wetu wahakikishe msamaha huo unafika hadi kwenye gari la teksi, si gari la nyumbani peke yake.

Sasa sehemu yetu, ambayo haihitaji wizara. Viongozi wa mitaa tuliowachagua Novemba 2024 waliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa, na muhtasari wake upelekwe LATRA ukiwa na sahihi zetu. Nendeni na jirani yenu wa kiti mwendo mkutanoni. Kama ukumbi uko juu ya ngazi, mkutano ushuke chini ya mwembe. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, waombwe wakae mezani tangu siku ya kwanza, maana masharti ya mikanda hayawezi kuandikwa na watu ambao hawajawahi kufungwa. Madereva wa kijiwe, ndugu zangu, tengeni nafasi moja, ile iliyo usawa wa barabara na mbali na mtaro, isikaliwe na gari jingine hata siku ya msongamano wa sikukuu. Mwenye duka, meza yako isogee hatua mbili. Na wewe mwenye mzazi ghorofani, andika jina la mtaa wako na idadi ya safari ambazo angezifanya kwa mwezi kama gari lingekuwepo: kliniki, msikitini au hekaluni, harusini, kwa dada yake Magomeni. Karatasi hiyo mpe mwenyekiti wa mtaa kabla ya mkutano.