Saratani haisubiri nauli

KUTOKA Bagamoyo hadi Ocean Road, Dar es Salaam, ni kilometa zipatazo 70. Kwa kigogo mwenye shangingi, huo ni mwendo wa kiyoyozi na usingizi. Kwa mama wa Mlingotini mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ni adhabu.

Tiba ya mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Hata akisamehewa gharama za hospitali, nani atamsamehe nauli? Atalala wapi? Ndiyo maana wengi hukaa nyumbani mpaka maumivu yazidi, wakafika Ocean Road ugonjwa umekwisha kukomaa. Halafu tunaambiwa walalahoi hawana elimu. Elimu gani inayolipa nauli?

Tusidanganyane. Mashine ya mionzi haipakiwi kwenye gari. Inahitaji chumba chenye kuta nene za zege. Lakini yako mengi yanayopakiwa. Muuguzi aliyefundishwa, siki, taa na kitanda vinatosha kupima mlango wa kizazi, na jibu hupatikana papo hapo. Kifaa cha kuunguza sehemu iliyoanza kuharibika hubebwa mkononi. Mwanamke anapimwa na kutibiwa siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani. Na aliyekwisha kuzidiwa, morfini ya kunywa inaweza kumfuata kitandani kwake.

Ocean Road, iliyofanywa taasisi kwa sheria ya mwaka 1996, hutuma wataalamu wake mikoani kupima watu. Tunawapongeza. Lakini kambi ya siku chache haitoshi. Ugonjwa haufuati ratiba ya mgeni rasmi. Tunataka gari la kudumu, lenye siku zinazojulikana Mapinga, Kerege, Zinga, Kaole hadi Saadani. Serikali inayonunua mashangingi haiwezi kutuambia imekosa fedha za gari moja la tiba.

Nawe kijana wa kijiweni, usiseme haya ni mambo ya akina mama. Kirusi kinacholeta saratani hii huambukizwa kwa kujamiiana, nasi wanaume tunakibeba bila kujua. Chanjo kwa wasichana ilianza nchi nzima mwaka 2018. Mdogo wako ameipata? Mama yako amepimwa?

Na mheshimiwa akija kuomba kura, usimuulize fulana na kofia. Muulize: gari liko wapi?