Ukumbi wa kifahari Arua, wakwe wamekwama Oraba

Harusi ya rafiki yangu ilifungwa Arua, Jumamosi moja ya mwaka juzi. Bwana harusi ni mfanyabiashara wa mbao, ananunua upande wa Aru na kuuza Arua mjini. Bibi harusi ni Mkakwa, wazazi wake wanaishi Kaya, Sudan Kusini, na shangazi zake wako Koboko. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, kwa hiyo aibu ninayoieleza hapa na mimi nina fungu langu.

Tulichagua hoteli yenye bustani, chemchemi ya maji na ngazi nyeupe za kupigia picha. Sababu ya kuichagua ilikuwa picha moja kwenye simu. Binamu wa bibi harusi anayeishi Uingereza alikuwa ametuma picha za harusi ya mwenzake iliyofanyika katika jumba la kale la mawe, lenye nyasi zilizokatwa vizuri hadi ziwani. Kikao kizima kilipitishiana ile simu. Tangu dakika hiyo hakuna aliyeuliza tena wageni watatoka wapi. Swali likawa moja tu: hapa Arua, ni wapi panapofanana na hapa?

Siku ilipofika, meza sita za mbele zilizoandikwa "Wazazi na wajomba wa bibi harusi" zilikuwa tupu mpaka keki ilipokatwa. Wenyewe walikuwa Oraba.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Kadi yetu ilisema ibada itaanza saa nne asubuhi. Tangu Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma, na upande wa Aru kule Kongo nao wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa nne ya Arua ni saa tatu ya Kaya na ya Aru. Wazee walisoma kadi kwa saa ya ukutani kwao. Sisi tunaovuka kila juma tunalijua jambo hili kama tunavyojua bei ya sabuni, lakini hakuna aliyekumbuka kuliandika kwenye kadi.

Kosa la pili lilikuwa mbuzi. Wajomba walikuja na mbuzi wanne, kama desturi inavyotaka. Mnyama hai havuki mpaka kama mfuko wa unga; anahitaji hati ya daktari wa mifugo. Hawakuwa nayo. Wazee hawakukubali kuwaacha mbuzi, na maofisa hawakukubali kuwapitisha. Basi dogo tulilolikodi likasubiri, likachoka, likaondoka na nusu ya watu.

Mjomba mkubwa, ambaye kwa mila ndiye mwenye kinywa siku hiyo, alifika tukikunja vitambaa vya meza. Hakugomba. Alimshika mkono rafiki yangu akasema, "Mkwe, tulikuja kwako, lakini wewe ulikuwa mbali." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Na leo nataka kusema waziwazi kwa wasomaji wa ukurasa huu, ambao wengi ni watu wa Vurra, Odramacaku, Oraba na Koboko: tunachagua mahali pa harusi vibaya, na tunalipia makosa hayo kwa mtaji wa biashara.

Kwanza tuiangalie hiyo picha ya Uingereza. Kule jumba lina sababu yake. Hadi katikati ya miaka ya 1990, Mwingereza aliyetaka ndoa ya kiserikali aliifunga katika ofisi ya msajili. Sheria ya mwaka 1994, iliyoanza kutumika mwaka 1995, iliruhusu hoteli, makasri na majumba ya kale yaombe kibali cha kufungishia ndoa. Jumba likawa ndilo mahali pa kiapo chenyewe. Wageni huhesabiwa kiti kwa kiti, na asiye na jina kwenye orodha haji. Kwa hesabu hiyo, kutafuta jumba zuri kuna maana.

Sisi sheria yetu ni nyingine. Sheria ya Ndoa ya Uganda, ambayo mzizi wake ni wa mwaka 1904, inataka ndoa ya kanisani ifungwe katika nyumba ya ibada yenye leseni, milango ikiwa wazi. Waislamu wana sheria yao, na nikahi inaweza kufungwa msikitini au nyumbani kwa bibi harusi. Kwa hiyo kiapo chetu kimekwisha kupata mahali pake: Ediofe, Mvara, msikitini au sebuleni kwa baba mkwe. Hoteli inabaki mahali pa kula wali na kupiga picha, na hicho ndicho tunachokilipia kuliko vyote.

Rafiki yangu alilipa shilingi milioni nne kwa ukumbi na bustani. Saa nne usiku meneja akaja kudai nyongeza kwa sababu ngoma ilikuwa haijanyamaza. Fedha ile ya nyongeza ilitoka kwenye bahasha ya lori la mbao lililokuwa likisubiri Aru. Lori lile lilinunuliwa na mwingine. Kwa miezi miwili mwenye harusi alikuwa dalali wa mbao za watu, akisimama pembeni ya stoo yake mwenyewe. Mkewe alianza maisha ya ndoa kwa kusikia simu za wadai. Naomba tukubaliane kwamba hiyo si heshima kwa bibi harusi yeyote.

Nimewahi kujibiwa vikali kwa maneno haya. Mama mmoja anayeuza dagaa na mafuta ya kula Koboko aliniambia: "Mwanangu, mimi nimekaa juani miaka kumi. Siku moja tu nataka kukaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, nipigwe picha. Na hilo unanionea?" Sikuwa na jibu siku ile. Ana haki. Mtu anayeamka alfajiri kuvuka na mzigo kichwani ana haki ya siku moja ya kupendeza, na asiwepo wa kumhubiria kuhusu matumizi.

Lakini kitambaa cheupe kinasafiri. Wapambaji wa Arua wana mahema, viti, mazulia, taa na jenereta, na hupakia vyote kwenye lori. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ina kilomita 92, na inaunganisha mpaka wa Kongo na mpaka wa Sudan Kusini. Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55 tu. Ni rahisi kusafirisha viti kuliko kusafirisha wajomba. Kama tungeweka harusi ile Koboko, shangazi wangekuja kwa miguu, wazee wa Kaya wangefika mapema, na upande wa bwana harusi, vijana wenye pasipoti na magari, ndio wangesafiri. Uzuri ungekuwa uleule, na meza za mbele zingekaliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kamati ni huu. Kabla ya kutembelea hoteli hata moja, chukueni karatasi mwandike wageni ambao bila wao harusi si harusi: wazazi, wajomba, bibi mzee asiyeweza kupanda basi. Andikeni mbele ya kila jina kivuko atakachopitia na hati aliyonayo. Mahali pa harusi patajichagua penyewe. Wakati mwingine itakuwa Arua kweli, hasa pale nusu ya ukoo inapotoka Ariwara na nusu Kampala. Sisemi Arua ni mbaya. Nasema ichaguliwe kwa hesabu.

Kadi iandikwe saa mbili, ya Uganda na ya ng'ambo. Mbuzi wanunuliwe upande ambao wataliwa, na wajomba wakabidhiwe kamba mbele ya watu, mila haijavunjika. Hotelini ulizeni maswali ya mfanyabiashara: umeme ukikatika nani anaweka mafuta ya jenereta? Mvua ya Agosti hadi Oktoba ikinyesha, bustani inahamia wapi? Ngoma inanyamaza saa ngapi, na ikizidi ni kiasi gani? Jibu liandikwe na lipigwe muhuri. Hakuna anayenunua lori la mbao kwa maneno ya mdomo, lakini ukumbi tunaukodi hivyo.

Na fedha ya mzigo isiingie kwenye bahasha ya harusi. Mchango ukiishia milioni tatu, harusi ni ya milioni tatu.

Baada ya hayo, nina neno pia kwa serikali zetu. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kazi Julai 2010. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 amewekewa utaratibu wake rahisi wa hati, na ni jambo jema. Lakini mtu anayevuka na kitenge kipya begani na chungu cha zawadi mkononi anaulizwa maswali kana kwamba ana jambo la kuficha. Si ombi kubwa kwamba barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye orodha ya wageni na tarehe ya harusi, ipokelewe pande zote mbili na watu wapitishwe kwa siku hiyo wakionyesha vitambulisho vyao. Mwaka 2020, corona ilipofunga mipaka na harusi Uganda zikawekewa kikomo cha watu kumi, tulitii. Sasa mipaka iko wazi, na mjomba bado anachelewa.

Manispaa ya Koboko nayo ingepata faida ikiwa na uwanja mmoja safi wa sherehe, wenye maji, vyoo na kivuli, wa kukodi kwa bei ya mfanyabiashara mdogo. Harusi ni soko: mchele, soda, vitenge, mahema, bodaboda, vyumba vya kulala. Wakakwa wako nchi tatu, Walugbara wako nchi mbili, na wataendelea kuoana iwe kuna itifaki au hakuna.

Rafiki yangu sasa ana mtoto wa kike. Mwezi uliopita alikwenda Kaya kumpa mjomba habari za jina, akakaa siku mbili. Aliniambia wazee walimwekea kiti chini ya mwembe, kisha wakaanza upya hotuba ambazo hazikusomwa Arua. Moja baada ya nyingine, mpaka jua likazama.