Picha za angani zishuke vijijini

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, habari zake zilikuwa zimekwisha kutangulia. Kwa siku kadhaa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikitangaza kilipo, kinakoelekea na nguvu za upepo wake. Redio zilirudia tangazo hilo, na vyombo vya abiria kati ya Unguja na Dar es Salaam vikasitisha safari.

Wazee wetu wa mwaka 1872 hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 15 Aprili mwaka ule tufani iliipiga Unguja pasipo mtu kuonywa, ikavunja majahazi bandarini na kuangusha mikarafuu mashamba kwa mashamba. Pemba, iliyosalimika, ikawa tangu hapo ndiyo ghala letu kuu la karafuu. Bahari ni ile ile na upepo ni ule ule. Kilichoongezeka ni jicho lililoko juu. Setilaiti za Meteosat hukaa kilomita 36,000 juu ya Ikweta na kuleta picha ya mawingu kila baada ya robo saa.

Lakini jicho hilo peke yake lisingemwokoa hata mvuvi mmoja. Waliookoa ni watu: mtaalamu aliyeisoma picha, mtangazaji aliyeitafsiri kwa lugha ya kila mtu, na nahodha aliyekubali kukosa nauli ya siku hiyo. Mnyororo ule ulikamilika, na ndiyo maana tunausifu. Hata hivyo tunalo swali kwa wakuu wa serikali, wa Bara na wa Visiwani: kwa nini hakuna mnyororo wa namna hiyo kwa ajili ya miti?

Tuichukue kata ya Kibuta, wilayani Kisarawe. Wilaya hiyo ndiyo yenye misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini, masalia ya msitu mkongwe wa pwani. Imepakana na jiji la Dar es Salaam, na jiji hilo hupika kwa mkaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba kati ya 1991 na 2005 uharibifu wa misitu ulisogea kutoka jijini kama wimbi, hadi takriban kilomita 9 kwa mwaka. Waliotangulia ni wapasuaji wa mbao za thamani, na nyuma yao wakafuata wachoma mkaa. Mwaka 1991 mkaa ulichomwa ndani ya kilomita 20 kutoka jijini. Kufikia 2005 wimbi hilo lilikuwa limefika kilomita 50. Kisarawe iko mdomoni mwake.

Hakuna anayeweza kusema kwamba hayo yalitendeka gizani. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat Julai 1972, na tangu hapo ardhi yetu imekuwa ikipigwa picha mwaka baada ya mwaka. Nairobi kimekuwako tangu 1975 kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, ambacho Tanzania ni mwanachama wake. Zamani tuliweza kujitetea kwa umaskini, maana picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola. Mwaka 2008 Landsat zikatolewa bure. Mwaka 2015 Ulaya ikaanza kurusha setilaiti za Sentinel-2, ambazo hupita kila baada ya siku chache na kuonesha kipande cha ardhi cha mita 10 kwa 10, nazo pia ni bure. Shamba jipya lililofyekwa Kibuta Jumatatu laweza kuonekana Ulaya kabla ya Jumatatu inayofuata.

Tena, wataalamu wetu wenyewe wanazisoma picha hizo, na wanazisoma vizuri. Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwa kutumia picha za setilaiti Tanzania ilikadiria kwamba kati ya 2002 na 2013 ilipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na hesabu hiyo ikapelekwa Umoja wa Mataifa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini tazama safari yake: picha imetoka angani ikaenda Morogoro, na kutoka Morogoro ikaenda Bonn, Ujerumani. Hesabu ya taifa zima haitaji bonde wala kitongoji, na mwenyekiti wa kijiji hawezi kusimama nayo mbele ya watu akasema, "Ndugu zangu, hapa ndipo tulipokatwa."

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji haki ya kutenga na kulinda misitu yao wenyewe. Mlinzi aliyepewa lango bila taa hana ulinzi. Tunashauri kwamba kila baada ya miezi mitatu picha ya kila kata yenye msitu ichapwe kwenye karatasi kubwa, mpya kando ya ile ya nyuma yake. Ibandikwe katika ofisi ya kijiji na isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Palipoonekana pengo, ofisa misitu wa wilaya aeleze pale pale kama alitoa kibali, kwa nani, na ushuru uliingia mfuko gani. Gharama yake ni karatasi, wino na nauli ya basi. Tumeona semina zilizokula zaidi ya hapo kwa chai ya saa nne.

Tunasisitiza mkutano wa kijiji kwa sababu jicho la angani huona kijani, halimwoni mwenye nacho. Mikorosho mikongwe ya Kisarawe, ikitazamwa kutoka juu, hufanana na msitu, na shamba lililopumzishwa hufanana na pori lisilo na mtu. Mwaka 2009 zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 vya wilaya hiyo ziliwekwa mikononi mwa kampuni ya kigeni ilime mbono kwa ajili ya mafuta ya injini. Mwaka 2011 kazi ikasimama. Katika ardhi ya namna ile, inayoonekana tupu kwa mgeni, ni mwenyeji anayejua mahali pa kuchota maji na mahali pa kuokota kuni. Hayo hayamo katika picha yoyote, na asipoulizwa yeye, ramani nzuri yaweza kumdhulumu vibaya kuliko kukosa ramani.

Vile vile tusingependa picha hizi zigeuzwe fimbo ya kumpigia mchoma mkaa aliye peke yake porini na panga lake, huku mwenye lori akipita kizuizini kwa kupunga mkono.

Na sisi wa visiwani tusijifanye watazamaji. Mkaa huvuka bahari kwa majahazi, na boriti pia huvuka. Majiko mengi ya Unguja yanawaka kwa miti iliyoota Bara, na anayenunua gunia Darajani haulizi lilikatwa wapi. Serikali ya Mapinduzi inayo haki ya kuomba kuziona picha za wilaya zinazotulisha nishati, na inao wajibu wa kuulizia kibali cha kila gunia linaloshushwa bandarini.

Tunajua jibu litakalotolewa kwanza, kwamba pwani yetu ina mawingu mengi na msimu wa masika picha hazisomeki. Kwa Landsat na Sentinel-2 hilo ni kweli. Lakini tangu 2014 setilaiti za Sentinel-1 zimekuwa zikitazama kwa rada, ambayo hupenya mawingu na hufanya kazi hata usiku, na picha zake nazo hutolewa bila malipo. Udhuru wa mawingu hatuupokei.