Masomo ya Masafa Yataka Matayarisho

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Mei, vijana wetu wa kidato cha sita humaliza mitihani yao na kurejea majumbani. Matokeo hutoka mwezi wa Julai, na vyuo vikuu huanza masomo Oktoba au Novemba. Wako wanaokwenda baharini au shamba pamoja na wazee wao, na wako wengi wanaoshinda barazani. Sisi tunaona kwamba miezi hiyo ni hazina inayopotea.

Kabla ya mwaka 1998 Visiwani hapakuwa na chuo kikuu chetu wenyewe, na aliyetaka shahada kwa kawaida ilimpasa avuke bahari. Leo kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu, na kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Juu ya hayo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kina vituo vyake Unguja na Pemba. Mwanafunzi wa chuo hicho husoma akiwa kwao, huku akiendelea na kazi yake. Kwa mzee wa Kojani au Tumbatu faida hiyo si ndogo, kwani mara nyingi kinachomshinda mvuvi si ada peke yake, bali ni nauli, kodi ya chumba na mlo wa kila siku kwa miaka mitatu.

Hata hivyo, msomi wa masafa hapigiwi kengele wala hasimamiwi na mwalimu. Zamani masomo hayo yalimfikia kwa vitabu vilivyochapwa. Siku hizi sehemu kubwa imo katika mtandao. Kijana aliyezoea kunakili yaliyoandikwa ubaoni hujikuta peke yake mbele ya kioo cha simu. Kuijua simu kwa mazungumzo na picha si kujua kusoma kwayo. Asipofundishwa kugawa saa zake, kuandika insha kwa kompyuta na kupambanua habari ya kweli na ya uongo, huacha masomo njiani, na ada iliyopatikana kwa jasho la karafuu huwa imekwenda na maji. Skuli zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tulijionea wenyewe jinsi asiye na chombo wala mazoea anavyobaki nyuma.

Kwa hivyo tunaishauri Serikali mambo matatu. Kwanza, miezi hiyo ya kungojea itumike. Vituo vya Walimu na skuli zenye kompyuta vifunguliwe jioni, na wahitimu wafundishwe namna ya kujisomea kabla hawajajiandikisha chuoni.

Pili, masomo yasitegemee mtandao saa zote. Sisi watu wa visiwa tunajua maana ya kuishi kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Unguja ilikaa gizani kwa wiki kadhaa mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki zilikatika, na mawasiliano yakazorota. Basi kila kituo kiweke akiba ya masomo yanayoweza kusomwa hata mtandao ukikatika.

Tatu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, imtazame msomi wa masafa kwa mahitaji yake mwenyewe. Huyu haombi bweni. Anachohitaji ni kompyuta ndogo, gharama za mtandao na nauli ya kumfikisha kituoni siku ya mtihani.

Wazee nao wana wajibu wao. Kabla ya kulipa hata senti moja, waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa, kwani mtandaoni wamo pia wauzaji wa vyeti visivyo na thamani. Wahenga walisema, rahisi ghali.

Liko na jambo jengine lisilohitaji fedha. Kijana anayekwenda chuoni huonekana na wote kuwa anasoma, lakini msichana anayesomea nyumbani haonekani hivyo. Atatumwa maji, ataitwa jikoni, ataachiwa mtoto alee, na jioni ataulizwa kwa nini hafaulu. Kila nyumba yenye mwanafunzi wa namna hiyo impe saa zake, na saa hizo ziheshimiwe kama zinavyoheshimiwa saa za skuli. Bila ya hayo, chuo kitakuwa kimefika hadi mlangoni petu, na mtoto wetu asiweze kuingia.