Karamu ya Kufunga Mwaka

Mwezi wa Desemba u karibu, na katika maofisi mengi kamati zimekwisha anza kukusanya fedha za karamu ya kufunga mwaka. Nasi twawasifu wanakamati kwa taabu yao, maana kazi hiyo haina mshahara, na lawama zake ni nyingi. Lakini liko jambo moja ambalo hatuwezi kulinyamazia.

Katika maofisi kadha wa kadha mchango hutozwa sawasawa, mkubwa wa idara na tarishi wake, kila mmoja shilingi zile zile. Kwa mkubwa ni fedha ya chai. Kwa tarishi ni unga wa watoto wake, na Januari yaja na sare na madaftari. Tena siku yenyewe huyo tarishi aonekana akibeba masinia, mfagiaji yu jikoni, na dereva angoja nje hata usiku ili awarudishe wakubwa makwao. Wamelipa kama wageni, wakatumika kama siku zote. Je, hiyo ni karamu ya ofisi? Mchango na uwe kwa kadiri ya mshahara, tena kwa hiari, na wapishi na wapakuzi watafutwe nje.

Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, kiliwakusanya Waislamu na Wakristo pamoja. Basi sisi hatuna udhuru wa kushindwa kula pamoja. Mnyama na achinjwe na Muislamu, kama ilivyo desturi, ili sinia liwe moja. Siku nayo yataka kuangaliwa. Mwaka 1999 Ramadhani iliingia kabla Desemba haijafika nusu, na mwaka 2030 yatazamiwa kuingia tena siku za mwisho za mwezi huo. Karamu ya adhuhuri katika siku kama hizo ni kuwafukuza waalikwa. Heri iwe usiku baada ya futari, au ingoje Idi.

Habari ya pombe hatutasema mengi, ila asiyekunywa naye apate sharubati nzuri, si maji ya bomba. Hotuba moja yatosha.

Karamu ikiisha, hesabu ya fedha ibandikwe ubaoni kabla ya mishahara ya Januari, kila aliyechanga aisome, na tarishi naye.