CHUJIO LA MOSHI LISIKATWE

Wanachama wenzetu,

Limeenea neno miongoni mwetu kwamba mwenye pikapu ya dizeli iliyokuja na chujio la masizi katika bomba la moshi hana budi kumpelekea fundi alikate. Wako waliokwisha fanya hivyo, na wako wanaongoja fedha za msimu. Twaona ni wajibu wetu kusema waziwazi kwamba shauri hilo si jema, na sisi wenye karafuu hasara yake yatupata zaidi kuliko watu wengine.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Chujio hilo, ambalo mafundi huliita DPF, ni kama sega la nyuki lililofinyangwa kwa udongo mgumu, likafungiwa ndani ya bomba. Moshi hupita, masizi hubaki. Likiwa zima hunasa zaidi ya sehemu 90 katika 100 za masizi. Yakijaa, injini hujiongezea dizeli kidogo, joto hupanda kufikia kama digrii 600, masizi yakaungua na njia ikafunguka. Lakini joto hilo halipatikani ila gari iende mwendo wa kutosha pasipo kusimama-simama.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Baadhi yetu tulikwenda harusini Msangano, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Mwenyeji wetu ana gari ya dizeli yenye chujio kama hizi zetu, naye huchukua magunia ya mpunga na ufuta kutoka kule bondeni mpaka Tunduma, mpakani mwa Zambia. Tulimwuliza kama taa ya chujio haimsumbui. Akacheka, akasema: “Ndugu zangu, huniwakia nikikaa kijijini wiki nzima, nazunguka kisimani na dukani. Nikipanda Tunduma na mzigo, huzimika yenyewe.”

Jirani yake hakuwa na subira hiyo. Fundi alilipasua bomba, akalitoa sega lote, akalichomelea tena, kisha akaibadili kompyuta ya gari isiulize. Asubuhi tuliyokuwapo gari iliwashwa, moshi mweusi ukatanda juu ya turubai la ufuta wa mama mmoja. Maneno aliyoambiwa yule bwana hatuwezi kuyaandika hapa.

Basi tujitazame sisi. Kutoka Chake Chake mpaka Wete ni kama kilomita 30 tu, na wengi wetu hata huko hatufiki kila wiki. Twatoka shambani kwenda dukani, injini haijapata moto twaizima. Chujio likijaa twalilaumu, na kosa ni la safari zetu.

Na ufuta wa yule mama ndio karafuu yetu. Twaanika majamvini, uani na kando ya barabara, siku kadhaa juani. Masizi yakiangukia karafuu hayapepeteki kama vumbi, nayo kituoni hutazamwa usafi wake kabla ya kupewa daraja. Pembeni ya majamvi hayo huketi kina mama na watoto wakichambua makonyo, nao huvuta kila kitokacho bombani. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliutia moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Uingereza nako, tangu Februari 2014, gari iliyoondolewa chujio ililotengenezwa nalo haipiti ukaguzi wa kila mwaka.

Twajua jibu la wenzetu: chujio jipya ni ghali, na fundi wa kukata hutoza kidogo. Ni kweli, wala hatuwadharau wenye shida. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kabla ya msumeno yako mambo ya kufanya. Mara taa iwakapo, ichukue gari mwendo mrefu usio wa kusimama, mpaka taa izimike yenyewe. Tia oili iliyoandikwa kuwa ni ya magari yenye chujio, kwa kuwa majivu ya oili nyingine hayaungui. Taa ikizidi kurudi, zikaguliwe nozeli na turbo, kwani huenda ndizo zitoazo masizi mengi. Likijaa majivu, chujio hufunguliwa likasafishwa, likarudishwa. Wala usiegeshe gari yenye bomba la moto juu ya majani makavu ya mikarafuu.

Na asiyetaka taabu hiyo, wala hana safari ila za shamba na duka, asinunue dizeli. Gari ya petroli itamfaa zaidi.

Twapendekeza mkutano mkuu ujao ukubali mambo mawili. La kwanza, gari itoayo moshi mweusi isikodiwe na chama kuchukua karafuu, wala isiwashwe karibu na majamvi. La pili, wenye pikapu za dizeli wapeane zamu za kupeleka magunia safari ndefu, ili kila gari ipate kuunguza masizi yake. Hilo la pili halina gharama ila kusikilizana.

Mwanachama mwenye rai nyingine na aje nayo mkutanini. Hewa ya shamba ni yetu sote, na jamvi la jirani ni jamvi letu.