Sikiliza Pumzi ya Mwenzako

Ndugu msomaji, leo tuizungumze kelele ambayo wengi wetu twaicheka: mkoromo. Hapa Pongwe, mwenye kukoroma aweza kutaniwa asubuhi kwamba usiku kucha alikuwa zamu kiwandani, akisaga mawe ya saruji. Lakini je, umewahi kusikiliza pale mkoromo unapokatika ghafla?

Wako watu ambao misuli ya koo hulegea mno usingizini, njia ya hewa ikaziba. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni ikapungua katika damu, ubongo ukashtuka, na mtu akagutuka akitweta, kisha akalala tena. Hayo huweza kurudiwa mara nyingi kwa usiku mmoja, naye asubuhi asikumbuke lolote ila uchovu. Maradhi haya huandamana na shinikizo la damu, na mchana mtu husinzia kazini. Dereva wa lori akisinzia katika barabara ya Segera, hatari si yake peke yake.

Daktari atayajuaje ya gizani? Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alieleza njia ya kupima oksijeni ya damu bila sindano, kwa mwanga upenyao kidoleni. Leo kifaa hicho ni kidogo kama kibanio cha nguo, na vingine huvaliwa usiku kucha vikiandika kila badiliko. Mwenye afya aghalabu huonyesha asilimia 95 hadi 100. Ikishuka mara kwa mara chini ya 90, yafaa daktari aelezwe. Lakini rangi ya kucha na vidole baridi hukipotosha. Na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo.

Kwa hiyo mpimaji wa kwanza ni wewe uliyelala kando. Mwenzako akinyamaza ghafla, hesabu sekunde. Andika, kisha fuatana naye kwa daktari, kwani mwenyewe atakana, na hasemi uongo: alikuwa amelala. Wakati huohuo, alale kwa ubavu, aache pombe ya usiku, na apunguze uzito ikiwa umezidi.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakieni usingizi mwema.